Ada ya uchapishaji huria: vyuo vyetu vitenge fedha, lakini zianze kufanya kazi kabla ankara haijafika

Mleta mada

Wanajamvi, habari za jioni.

Naleta kwenu jambo ambalo sisi tunaofundisha katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam tunalizungumza sana kwenye chai ya saa nne, lakini ambalo bado halijapewa nafasi yake bajeti ya chuo inapopangwa. Ni suala la ada ambazo majarida ya kitaaluma humtoza mwandishi ili makala yake isomwe na mtu yeyote bila malipo, yaani uchapishaji wa ufikiaji huria. Ninauliza ada hiyo ailipe nani, na kwa utaratibu gani.

Nianze na lililonipata. Mimi na wenzangu wawili tulipima maji ya visima vya Temeke na Kigamboni kwa miaka mitatu, masika na kiangazi, tukifuatilia jinsi maji ya bahari yanavyopenya ardhini kadiri watu wanavyozidi kuchimba na kuvuta. Mkazi wa huko hahitaji kusimuliwa habari hiyo, kwa sababu anakijua kisima kilichokuwa na maji matamu zamani na ambacho leo sabuni haitoi povu. Makala yetu ilikaa kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoipima kwa niaba ya jarida, miezi saba, tukairekebisha mara mbili, ikakubaliwa. Barua ya kukubaliwa ilikuja pamoja na ankara ya dola 1,900, ilipwe ndani ya siku thelathini. Kwa bei ya dola ya wakati huo zilikuwa zinakaribia shilingi milioni tano.

Nikaandika dokezo kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara akaliidhinisha siku hiyohiyo na kulipeleka kwa mkuu wa kitivo, naye akalipeleka kurugenzi ya utafiti, na kurugenzi ikalipeleka fedha. Hakuna hata mmoja aliyekataa, na kila mmoja aliandika maneno ya kututia moyo. Mwishoni, siku ya ishirini na sita, nikajibiwa kwamba hakuna kifungu cha bajeti kinachoitwa hivyo, kwa hiyo malipo hayawezi kuandaliwa hata kama kila mtu anayataka. Tulichanga wenyewe, na mwenzetu mmoja alikopa kwenye SACCOS sehemu yake.

Kwa wale ambao si wa fani hii, nieleze tulifikaje hapa. Kwa miongo mingi aliyekuwa analipa ni msomaji, au tuseme maktaba yake, kupitia usajili wa kila mwaka, na asiyekuwa na maktaba tajiri alibaki nje. Mwaka 2002 tamko lililotolewa Budapest lilidai kwamba matokeo ya utafiti yawekwe wazi kwenye intaneti, likapendekeza njia mbili: watafiti waweke nakala za makala zao katika hifadhi zilizo wazi, na yaanzishwe majarida yasiyomtoza msomaji. Katika njia hiyo ya pili, wachapishaji kama BioMed Central na PLOS walihamishia gharama kwa mwandishi. Jarida la PLOS Biology lilipoanza mwaka 2003 ada yake ilikuwa dola 1,500, na wengi waliiona kuwa bei ya kupindua ukiritimba. Wachapishaji wakubwa nao wakaona kwamba hata huku kuna fedha. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021 ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25, na ningeomba kila mmoja wetu azilinganishe na gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza hapa nchini tangu anapoingia hadi anapovaa joho.

Vyuo vya wenzetu vilianza mapema kutafuta jibu. Mwaka 2009 vyuo vitano vya Marekani, yaani Cornell, Dartmouth, Harvard, MIT na Berkeley, vilitia saini makubaliano ya kuwa na mfuko wa kuwalipia watafiti wao ada hizo. Ninapenda kuwataja kwa sababu hawakufungua mfuko wa kulipa kila kinacholetwa. Mwenye ruzuku iliyo na fungu la uchapishaji alitakiwa alitumie hilo kwanza. Majarida mseto, yale yanayoendelea kuuza usajili huku yakimtoza mwandishi anayetaka makala yake iwe wazi, kwa kawaida hayakulipiwa, kwani kuyalipia ni kumlipa mchapishaji mara mbili kwa kazi moja. Uingereza ilipoanza mwezi Aprili 2013 kuvigawia vyuo fedha za namna hii, baada ya ripoti ya kamati iliyoongozwa na Janet Finch, mlango haukufungwa kwa majarida mseto. Sehemu kubwa ya fedha ikaenda huko huko, na ada za majarida hayo zilikuwa kubwa kuliko za majarida yaliyo huria kikamilifu.

Sasa tujitazame sisi. Mhadhiri hapandi daraja kuwa mhadhiri mwandamizi, wala mwandamizi kuwa profesa mshiriki, bila makala zilizochapishwa. Wizara ya Elimu yenyewe ilitangaza mwaka 2022 tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu kimataifa, nami ninaipongeza kwa dhati, kwa kuwa ni heshima ambayo wanasayansi wetu walikuwa wameikosa. Hata hivyo tuzo huja baada ya makala kutoka, wakati ankara huja kabla, na kati ya mambo hayo mawili yupo mhadhiri msaidizi mwenye mshahara wa mwanzo na ada za shule za watoto.

Pendekezo langu ni kwamba kila chuo kiwe na mfuko mdogo wa ada ya uchapishaji, wenye kifungu chake katika bajeti, wenye kikomo kwa kila makala, usiolipia majarida mseto, na unaotanguliza wasio na ruzuku. Ninaomba mnisahihishe mahali nilipokosea.

Naomba kuwasilisha.

Mhasibu wa Chuo

Ndugu mleta mada, nimesoma hoja yako kwa makini na ninakupa pole kwa yaliyokukuta. Mimi ni mmoja wa wale wanaoandika kwamba kifungu hakipo, ingawa si katika chuo chako, na ningependa uione meza yangu ilivyo.

Kwanza, fedha zinazotokana na ada za wanafunzi zina wenyewe. Mwanafunzi anayelala wanne katika chumba cha wawili, au anayefanya jaribio la kemia akiwa na wenzake kumi na wawili kwenye meza moja, ana haki ya kuniuliza kwa nini milioni tano zimeenda kwa kampuni ya Ulaya ili makala ya mwalimu wake isomwe. Pili, ankara za namna hii huja kwa dola na zina tarehe ya mwisho fupi. Katika miaka ya 2023 na 2024, dola zilipokuwa adimu, tuliwahi kuwa na shilingi mkononi na bado benki ikatuambia tusubiri. Tatu, mkaguzi ataniuliza chuo kimenunua nini. Nikinunua darubini, ipo na ina namba ya mali. Nikilipia makala, nitamwonyesha nini, hasa ikiwa jarida lenyewe litatoweka kwenye mtandao mwaka unaofuata, kama ambavyo yametoweka mengi ya wale wanaochapisha chochote ilimradi umelipa?

Sipingi mfuko. Ninasema kwamba mfuko usio na mtu wa kuchuja utakuwa umekwisha ifikapo Septemba, na waliowahi watakuwa ni wale wanaojua njia za ofisini, si wale wenye utafiti bora.

Mleta mada

Ndugu Mhasibu, nakushukuru kwa kusema wazi.

Kuhusu mwanafunzi, ninakubali kwamba ana haki ya kuuliza, na jibu langu kwake ni kwamba yeye ndiye msomaji wa kwanza wa makala iliyo wazi. Mhandisi wa maji, mtendaji wa kata, mwandishi wa habari na mwalimu wa sekondari ya Mbagala hawana usajili wa jarida lolote. Makala ya visima vyao ikifungwa nyuma ya malipo ya dola thelathini au arobaini kwa kila msomaji, tutakuwa tumechukua maji kwao, tukayapima kwa fedha za umma, kisha tukawanyima majibu. Hilo la mkaguzi na la kuchuja sikuwa nimelifikiri vya kutosha, na ninaliweka akilini.

Mkutubi

Wanajamvi, naomba niingie hapa, kwa maana jambo hili ndiyo kazi yangu ya kila siku na ninaona linajadiliwa kana kwamba maktaba haipo.

Ndugu mleta mada, nina maswali mawili. Jarida lenu lilikuwa huria kikamilifu au mseto? Na wakati mnatuma makala, aliyeandikwa kuwa mwandishi wa mawasiliano, yule anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake, alikuwa nani, na alitumia anuani ya chuo gani?

Ninauliza kwa sababu Tanzania imo katika kundi A la mpango wa Research4Life, unaozifungulia nchi za kipato kidogo majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, ule ule uliotuletea HINARI ya majarida ya afya mwaka 2002 na AGORA ya majarida ya kilimo mwaka uliofuata. Wachapishaji wengi hutumia orodha hiyo kusamehe ada katika majarida yao yaliyo huria kikamilifu: nchi za kundi A husamehewa ada yote, na za kundi B nusu. Wako wengine wanaofuata madaraja ya kipato ya Benki ya Dunia, na huko mambo yamebadilika. Tangu Julai 2020 nchi yetu imepanda kuwa ya uchumi wa kati wa chini, jambo tulilolishangilia kwa haki, lakini kwa mchapishaji anayefuata madaraja hayo ya Benki ya Dunia msamaha kamili unaweza kuwa umegeuka punguzo. Kwa hiyo mtafiti yule yule, mwaka ule ule, anaweza kusamehewa yote na mchapishaji mmoja na kudaiwa maelfu ya dola na mwingine, na tofauti ni orodha gani imebandikwa ofisini kwao.

Yapo masharti matatu ambayo ninayarudia kwa kila anayekuja dirishani. Msamaha mara nyingi hutazama anuani ya mwandishi wa mawasiliano, na wachapishaji wengine huwatazama waandishi wote. Kwa kawaida hauhusu majarida mseto. Na wachapishaji wengi hutaka uombwe wakati makala inatumwa, kabla wahariri hawajaipokea, ili mhariri asijue nani atalipa na nani hatalipa. Ukiomba baada ya kupata ankara, umechelewa.

Tena kuna mikataba. Umoja wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti nchini, COTUL, ni mshirika wa EIFL, shirika linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya nchi kama yetu. Kutokana na majadiliano hayo wapo wachapishaji, Cambridge University Press akiwa mmojawapo, ambao watafiti wa nchi washirika wanaweza kuchapisha kwao bure au kwa punguzo kubwa. Ninasikitika kusema kwamba ninaweza kukaa muhula mzima bila mhadhiri hata mmoja kuniuliza habari za mikataba hiyo. Sisemi hivi kwa kulaumu, maana hata sisi wakutubi tumezoea kubandika tangazo ubaoni na kudhani kwamba limesomwa.

Mleta mada

Ndugu Mkutubi, maswali yako yamenikosesha usingizi, nami nitayajibu kwa ukweli wote.

Jarida lilikuwa huria kikamilifu. Mwandishi wa mawasiliano alikuwa mwenzetu ambaye mwaka ule alikuwa Ujerumani kwa mafunzo, na tulimpa jukumu hilo kwa sababu intaneti ya kule haikatiki. Aliandika anuani ya chuo cha huko. Nimeurudia ukurasa wa masharti wa mchapishaji wetu jana usiku. Kama makala ingetumwa kwa jina langu na anuani ya hapa Dar es Salaam, tungesamehewa ada yote.

Nimempigia simu yule mwenzetu aliyekopa SACCOS. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa.

Ninaliandika hili hadharani kwa makusudi. Nilikuja hapa nikidai chuo kitafute milioni tano, na nikagundua kwamba kilichokosekana kwanza ni mtu mmoja wa kutuuliza maswali mawili kabla hatujabonyeza kitufe cha kutuma. Bado ninaamini mfuko unahitajika, lakini sasa ninaamini pia kwamba mfuko unaoanza kazi siku ya ankara umechelewa, hata ukiwa na fedha.

Mwanafunzi wa Uzamivu

Shikamooni walimu wangu.

Nimefuatilia mjadala huu kwa karibu kwa sababu chuoni kwetu siruhusiwi kuhitimu bila kuwa na makala iliyochapishwa au angalau iliyokubaliwa. Mimi sina mshahara wa chuo, na ufadhili wangu una fungu la maabara na la kwenda uwandani, lakini hauna hata shilingi ya uchapishaji. Kila wiki ninapokea barua pepe kutoka kwa majarida nisiyoyajua yanayoniita profesa, yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku saba kwa dola mia moja. Ninajua kwamba ni mtego. Lakini naomba walimu wangu mtambue kwamba kwa mtu aliyebakiza miezi mitatu ya ufadhili, dola mia moja kwa tapeli inaonekana kuwa jambo linalowezekana kuliko dola elfu mbili kwa jarida la kweli. Ninawajua waliotumbukia humo, na makala zao sasa hazihesabiwi popote.

Ninaomba kuuliza kuhusu ile njia ya kwanza ya tamko la Budapest ambayo mleta mada aliitaja na kuipita haraka, ya kuweka nakala katika hifadhi. Kwa nini hatuitumii? Vyuo vyetu kadhaa vina hifadhi za kidijitali, tena zinafanya kazi. Nikichapisha katika jarida la usajili lisilonitoza chochote, kisha nikaweka rasimu yangu ya mwisho iliyokubaliwa katika hifadhi ya chuo, je, msomaji wa Mbagala hataisoma bure?

Mkutubi

Marahaba mwanangu. Ataisoma, na swali lako ni zuri.

Wachapishaji wengi huruhusu rasimu iliyokubaliwa iwekwe katika hifadhi ya chuo, ingawa wengi hutaka isubiri miezi kadhaa, mara nyingi kati ya sita na ishirini na nne, kabla ya kufunguliwa. Kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard kiliamua mwezi Februari 2008 kwamba waalimu wake wanakipa chuo haki ya kuweka makala zao wazi kabla hawajatia saini mkataba wowote na mchapishaji, na vyuo vingi duniani vimefuata mfano huo. Hilo ni azimio la seneti, halihitaji dola. Kinachotukwamisha ni kwamba mwandishi akishachapishwa hufuta rasimu yake na kubaki na nakala ya jarida tu, ile yenye nembo, ambayo ndiyo hasa hairuhusiwi kuwekwa. Ninawaomba nyote: siku makala inapokubaliwa, nitumieni rasimu ile ile mliyoituma mara ya mwisho, hata kama imeandikwa kwenye faili la kawaida lisilopendeza.

Nakuongezea jingine linalokuhusu wewe moja kwa moja. Kabla ya kuamini jarida, litafute katika DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyohakikiwa, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi. Zaidi ya nusu ya majarida yaliyomo humo hayamtozi mwandishi ada yoyote. Uhuria na ada si kitu kimoja, ingawa tumezoea kuvitamka kwa pumzi moja.

Mzee wa Changanyikeni

Vijana wangu, nimestaafu kufundisha lakini bado ninasoma, na jambo hili limenigusa.

Mmezungumza kana kwamba jarida ni kitu cha kule ng'ambo, na kazi yetu ni kutafuta nauli ya kufika huko. Tulikuwa na majarida yetu, na bado tunayo. Jarida la Kiswahili lina ukoo unaorudi hadi taarifa za ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na Mulika limelea wataalamu wengi wa lugha. Chuo Kikuu Huria kina Huria, Mlimani wana Tanzania Journal of Science, na watu wa afya wana Tanzania Journal of Health Research. Makala nyingi za majarida yetu zinapatikana bure kupitia AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998. Mwaka huo huo wa 1998 Brazil ilianzisha SciELO, kwa fedha za umma, kwa wazo jepesi: badala ya kumlipia kila mtafiti ada ya kwenda kuchapisha nje, lipia mtambo mmoja wa nyumbani ambamo majarida yote yenye ubora yatakaa wazi, bila kumtoza msomaji, na kwa sehemu kubwa bila kumtoza mwandishi. Leo Amerika ya Kusini ndiyo inayotolewa mfano duniani kote.

Niliwahi kuwa mhariri wa jarida moja dogo, na nitawaambia majarida yetu yanakwama wapi. Makala zilikuwepo. Kilichokosekana ni saa. Mhariri ana vipindi kumi na viwili kwa wiki, ana wanafunzi ishirini wa kuwasimamia, na uhariri hauhesabiki anapoomba kupanda daraja. Toleo la Juni linatoka Desemba, au haliji kabisa, na jarida lisilotoka kwa wakati huondolewa kwenye faharasa za kimataifa. Programu ya kuendeshea jarida, OJS, inapatikana bure. Gharama ni mtu: mhariri msaidizi anayelipwa, anayejua kuwafuatilia wapitiaji na kupanga kurasa. Dola elfu mbili ambazo mngempa mchapishaji wa nje kwa makala moja zingemlipa kijana wa namna hiyo kwa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo angetoa toleo zima.

Nakumbuka mwezi Novemba 2021, mkutano mkuu wa 41 wa UNESCO ulipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tulishangilia nchi nzima. Mkutano huo huo ulipitisha pendekezo kuhusu sayansi huria, linalozitaka nchi wanachama ziunge mkono uchapishaji usiomtoza mwandishi wala msomaji. Hilo la pili sikusikia mtu akilishangilia. Mngeweza kuyaadhimisha yote mawili kwa kuwapa majarida yetu wahariri wenye muda.

Mleta mada

Shikamoo Mzee. Ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini niruhusu nikupinge katika jambo moja, kwa heshima.

Mhadhiri kijana akipeleka kila kitu chake katika jarida la nyumbani leo, kamati ya kupandisha daraja itampa alama pungufu, na anayeshindania ruzuku ya kimataifa hatasomwa na wale anaoshindana nao. Tusimtume peke yake kwenda kurekebisha mfumo ambao sisi wakubwa tumekaa kwenye kamati zake. Kamati zibadilike kwanza, au angalau zibadilike pamoja naye. Hadi hapo, mfuko wa ada bado una kazi yake.

Na kazi hiyo itaongezeka. Gates Foundation, ambayo imekuwa ikifadhili utafiti mwingi wa malaria na afya ya mama na mtoto katika nchi yetu, iliacha kulipia ada hizi kuanzia Januari 2025, ikiwataka watafiti waweke rasimu zao wazi badala yake. Ninaelewa sababu zao, na kwa kiasi fulani wanasema lile alilosema Mzee. Lakini makundi ya utafiti yaliyozoea kwamba mfadhili atalipa yatagonga mlango wa chuo, na yatakuta lile jibu la kifungu hakipo.

Mhasibu wa Chuo

Nimerudi baada ya kuwasoma wote, na ninaona sasa kuna kitu ninachoweza kukitetea mbele ya kamati ya fedha.

Mkilete kama kifungu cha maktaba, kisiwe cha kurugenzi wala cha kitivo, kwa sababu maktaba tayari ina utaratibu wa kulipa wachapishaji wa nje na mkaguzi ameuzoea. Kila ombi liambatane na fomu ya Mkutubi inayothibitisha kwamba jarida limehakikiwa, kwamba msamaha uliombwa na ukakataliwa, na kwamba mwombaji hana ruzuku yenye fungu hilo. Fomu hiyo ndiyo nitakayomwonyesha mkaguzi. Muweke pia sharti kwamba rasimu iliyokubaliwa iwe imeshaingia katika hifadhi ya chuo kabla sijalipa, hapo nitaweza kusema chuo kimepata kitu kinachobaki hata jarida likitoweka. Na kuhusu la Mzee, sehemu ya kifungu ikiandikwa kuwa ni posho ya wahariri wasaidizi wa majarida ya chuo, hiyo inalipwa kwa shilingi, humu humu ndani, nami sina haja ya kusubiri dola.

Msisahau kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maoteo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla, na linalofika Mei limekwishachelewa.

Mleta mada

Ndugu Mhasibu, umenipa kile nilichokuwa nimekikosa katika lile dokezo langu la kwanza.

Nimeandika upya pendekezo kwa kufuata mtiririko huo, na nitaliwasilisha katika kikao cha idara cha wiki ijayo. Nimeondoa kima cha fedha nilichokuwa nimekipendekeza mwanzoni, kwa kuwa sasa naona hatuwezi kukijua kabla dirisha la maktaba halijafanya kazi mwaka mmoja na kuhesabu ni ankara ngapi zimefutwa kwa msamaha na ni ngapi zimebaki kweli. Nimeanza na ombi dogo: mkutubi mmoja apewe jukumu hili kwa maandishi, na kila mtafiti apite kwake kabla ya kutuma makala. Nusu ya kifungu nimeiweka kwenye majarida ya nyumbani. Wenzangu wawili wa idara wananiambia kwamba nimezidisha, nami nimewaambia wasome alichoandika Mzee kuhusu saa za mhariri kisha tuonane.

Mwanafunzi wa Uzamivu, nitumie ujumbe wa faragha unieleze fani yako, tutazame pamoja orodha ya DOAJ kabla ufadhili wako haujakwisha.

Ndugu Mkutubi, tuna rasimu mpya ya visima vya Mbagala ambayo bado haijatumwa popote. Mwandishi wa mawasiliano safari hii ni yule mwenzetu wa SACCOS, kwa anuani ya hapa. Tutakuja naye dirishani kwako Jumatatu saa tatu asubuhi.